Tunachozaliwa Nacho si Sarufi

Chukua sentensi hii: "Mtoto aliyevunja vikombe amelala." Kitenzi cha mwisho kinapatana na "mtoto" wala hakipatani na "vikombe", ijapokuwa vikombe ndivyo vilivyo jirani nacho, na mtoto ametengwa nacho kwa kishazi kizima. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayehitaji kuelezwa kwamba "Mtoto aliyevunja vikombe vimelala" si sentensi. Aliyekulia katika Kiswahili analijua hilo kabla hajajua kusoma, kabla hajasikia neno kishazi, na bila mtu yeyote kumkalisha chini akamfundisha. Amelijuaje? Swali hili dogo ndilo kiini cha mabishano yaliyodumu kwa zaidi ya miaka 60 katika isimu na saikolojia: je, binadamu huzaliwa na uwezo maalumu wa lugha, au lugha ni jambo analojifunza kama anavyojifunza mengine, kwa kusikiliza, kuiga, kukosea na kukumbuka?

Niseme mapema ninapoelekea. Naamini kipo kitu tunachozaliwa nacho, na ushahidi wake ni mzito kuliko wapinzani wa nadharia hii wanavyopenda kukiri. Lakini kitu hicho si sarufi. Wale waliodai kuwa ni sarufi wamelazimika kupunguza madai yao muongo baada ya muongo, na hoja waliyoitegemea zaidi, ile ya sentensi kama hiyo ya vikombe, si hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Iliyo na nguvu inatoka kwa watoto viziwi.

Mabishano yenyewe yalianza hivi. Mwaka 1957 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyejulikana kwa majaribio yake ya panya na njiwa, alichapisha kitabu kilichodai kwamba usemi ni tabia kama tabia nyinginezo: mtoto hutoa sauti, hutuzwa kwa tabasamu au kwa kupewa anachokitaka, na sauti iliyotuzwa hujirudia mpaka ikawa mazoea. Miaka miwili baadaye Noam Chomsky, mwanaisimu kijana wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alikichambua kitabu hicho kwa ukali ambao bado unasimuliwa. Alisema kwamba mzungumzaji hutunga na kuelewa sentensi ambazo hajapata kuzisikia maishani, na kwamba hakuna tuzo inayoweza kueleza jambo ambalo halijawahi kutokea likatuzwa. Baadaye aliongeza hoja iliyokuja kuitwa uhaba wa vichocheo, yaani kwamba lugha anayoisikia mtoto ni haba, imekatikakatika na haisemi ni sentensi zipi zisizokubalika, ilhali watoto wote wa jamii moja huishia kwenye sarufi ileile. Kwa hiyo, akahitimisha, lazima sehemu kubwa ya sarufi iwe imo tayari akilini kabla ya kusikia chochote. Sehemu hiyo wanaisimu wetu huiita sarufi bia, na wengine sarufi majumui.

Hoja ya uhaba ilipata nguvu mwaka 1970, pale Roger Brown na Camille Hanlon walipochunguza mazungumzo ya wazazi na watoto wao wadogo, wakaona kwamba wazazi husahihisha ukweli wa anachosema mtoto, wala si sarufi yake. Mtoto akisema jambo la kweli kwa sarufi mbovu huitikiwa vizuri. Akisema jambo lisilo kweli kwa sarufi safi hukosolewa. Matokeo haya yalirudiwarudiwa kana kwamba yamemaliza kesi, jambo ambalo halikuwa haki, kwa sababu mwaka 2003 Michelle Chouinard na Eve Clark walionyesha kwamba wazazi, ingawa hawamwambii mtoto "umekosea", mara nyingi huirudia kauli yake kwa umbo lililo sahihi, na mtoto huchukua sahihisho hilo. Sahihisho lipo, ila halijatangazwa kuwa sahihisho.

Turudi kwenye vishazi. Mfano ambao Chomsky na wafuasi wake waliupenda zaidi ni wa maswali ya Kiingereza. Lugha hiyo hutunga swali la ndiyo au hapana kwa kukihamishia kitenzi kisaidizi mwanzoni mwa sentensi, na ikiwa sentensi ina vitenzi visaidizi viwili, kimoja ndani ya kishazi tegemezi na kingine katika kishazi kikuu, kinachohama ni cha kishazi kikuu, hata kama kile kingine ndicho kinachosikika kwanza. Stephen Crain na Mineharu Nakayama waliwajaribu watoto wa miaka mitatu hadi mitano, wakawaomba wamuulize mwanasesere maswali ya namna hiyo, na mwaka 1987 wakachapisha walichokiona: watoto walikosea, tena si mara chache, lakini hawakufanya kosa la kuhamisha kitenzi kisichostahili kwa kuwa tu kimetangulia. Dai likawa kwamba mtoto hazingatii mpangilio wa maneno kama shanga kwenye uzi, bali huzingatia muundo uliofichika ndani yake, na kwamba hakuna alichosikia kilichomfundisha kufanya hivyo, kwa kuwa maswali marefu ya aina hiyo ni adimu mno katika maongezi ya nyumbani.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuinua mkono. Kiswahili hakihamishi kitu; "Mtoto amelala" huwa swali kwa kupandisha kiimbo tu, au kwa kutanguliza "je". Badala yake kina upatanisho wa kisarufi, na upatanisho haufichi muundo hata kidogo. Katika "Mtoto mdogo aliyevunja vikombe vile vizuri amelala", karibu kila neno limevaa alama ya mwenyewe: "mdogo" na "aliyevunja" na "amelala" vinamwelekea mtoto, "vile" na "vizuri" vinavielekea vikombe. Anayelelewa katika lugha ya Kibantu huonyeshwa kutwa nzima ni neno lipi ni la nani. Hoja iliyojengwa juu ya uchache wa ushahidi imejengwa, kwa kiasi fulani, juu ya lugha moja ambayo imepoteza viambishi vyake vingi, na sioni kwa nini bahati hiyo ya Kiingereza igeuzwe kuwa sifa ya akili ya binadamu. Hata kwa Kiingereza chenyewe, Geoffrey Pullum na Barbara Scholz walisisitiza mwaka 2002 kwamba sentensi zilizodaiwa kuwa adimu hupatikana pale mtu anapokubali kuzitafuta.

Lakini haki hiyo isituvimbishe kichwa. Alama za upatanisho zinamsaidia tu mtoto ambaye tayari anatafuta neno kuu na wafuasi wake. Mashahidi wawili wanaweza kusimama mbele ya hakimu asiyejua wanazungumzia kesi gani, na ushahidi wao ukapotea bure. Aliyeanza na dhana kwamba kitenzi hupatana na nomino iliyo jirani nacho angethibitishiwa dhana yake na sentensi nyingi mno, kwa kuwa sentensi fupi ndizo tunazowasemesha wadogo, na katika sentensi fupi nomino iliyo jirani ndiyo nomino kuu. Kwamba watoto hawaikumbatii dhana hiyo, au wakiijaribu huiacha upesi, kunahitaji maelezo. Watu wazima huteleza wakati mwingine na kuvutwa na nomino ya karibu, hasa sentensi inapokuwa ndefu, lakini wakisikia walichosema hujisahihisha. Ulimi umeteleza, umilisi uko palepale.

Na yapo mengine ambayo hakuna sarufi ya kuzaliwa nayo ingeweza kumpa mtu. Kifaru, kijana na kipofu wana umbo la ki-, lakini tunasema kifaru amelala, kijana amefika, kipofu ameketi. Maana ya uhai imeshinda umbo. Kanuni hiyo haimo katika lugha zote za dunia, kwa hiyo haiwezi kuwa urithi wa wote. Inasikika, inagunduliwa na inakaririwa, na kila anayezungumza Kiswahili aliipata kwa njia hiyo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi kuhusu jambo hili unatoka kwa ndugu wa Kiswahili. Mwaka 1987 wanaisimu Hagit Borer na Kenneth Wexler walipendekeza kwamba kauli ya kutendwa huchelewa kwa watoto kwa sababu za kibaiolojia: sehemu ya sarufi inayoiwezesha hukomaa baadaye, kama meno ya utu uzima yanavyoota baadaye. Ilionekana hivyo kwa watoto wa Kiingereza, ambao huimudu kauli hiyo kikamilifu wakiwa na miaka minne au mitano. Miaka miwili baada ya pendekezo hilo Katherine Demuth alichapisha uchunguzi wa watoto aliowarekodi Lesotho, na watoto hao walikuwa wakitumia kauli ya kutendwa, kwa ufasaha na kwa vitenzi vingi, kabla ya kutimiza miaka mitatu. Hawakuwa na ubongo wa aina nyingine. Sarufi ya Kisotho hairuhusu kiulizi "nani" kikae mahali pa kiima; mtu hawezi kusema moja kwa moja "nani amepika?", bali huuliza kwa njia kama "kimepikwa na nani?". Watu wazima wa Lesotho, basi, hutumia kauli ya kutendwa kila saa, na watoto huipata mapema kwa sababu wanaihitaji mapema. Kilichoitwa ukomavu wa ubongo kilikuwa, kwa sehemu kubwa, tabia ya lugha moja. Nadharia ya kibaiolojia inayotungwa kwa kuangalia lugha chache za Ulaya huwa katika hatari hii daima, na sidhani kama somo hilo limeingia vizuri hata leo.

Kuna jambo la kusafisha kabla ya kufika kwa watoto viziwi. Tunaposema "kuzaliwa na" tunachanganya mambo mawili, kile kilichomo kwenye jeni na kile kilichopo siku ya kuzaliwa, na hayo si kitu kimoja. Mwaka 2009 Birgit Mampe na wenzake walirekodi vilio vya watoto wenye umri wa siku chache tu, wa Kifaransa na wa Kijerumani. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda, vya Wajerumani kushuka, kama kiimbo cha lugha za mama zao. Mtoto mchanga, kumbe, amekwisha kujifunza. Alikuwa akisikiliza tumboni. Kwa upande mwingine, jambo likiwa la kuzaliwa nalo kwelikweli, halilazimiki kuwa la lugha. Peter Eimas na wenzake walionyesha mwaka 1971 kwamba watoto wa mwezi mmoja hutofautisha sauti ghuna na sighuna, kama zile zinazoanza "baba" na "papa", wakazipanga katika makundi mawili kama wafanyavyo watu wazima. Ilishangiliwa kama alama ya kifaa maalumu cha lugha, hadi mwaka 1975 Patricia Kuhl na James Miller walipoonyesha kwamba chinchila, mnyama mdogo wa jamii ya panya asiye na neno lolote la kusema, huweka mpaka mahali palepale. Sikio la mamalia lilikuwa hivyo. Lugha ililikuta na kulitumia.

Watoto hao pia hujifunza kwa kupoteza. Janet Werker na Richard Tees waliripoti mwaka 1984 kwamba watoto wa miezi sita hadi minane wanaolelewa kwa Kiingereza husikia tofauti za konsonanti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii, na kwamba wanapokaribia mwaka mmoja uwezo huo umefifia. (Vidoko vya Kizulu, yaani sauti za kudatisha ulimi, havikufuata mkondo huo: watu wazima wa Kiingereza wanaendelea kuvitofautisha vizuri, pengine kwa sababu havifanani na sauti yoyote ya lugha yao na hivyo havimezwi nayo.) Nao Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwachezea watoto wa miezi minane mfululizo wa silabi zisizo na maana, bila kituo wala mkazo, kwa dakika mbili, na watoto wakatambua ni silabi zipi hufuatana mara kwa mara kiasi cha kuunda neno. Hiyo ilikuwa 1996, na ilionyesha kwamba uwezo wa kujifunza wa mtoto ulikuwa umedharauliwa na pande zote mbili.

Sasa Nicaragua. Kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970 viziwi wa nchi hiyo waliishi wametawanyika, kila mmoja katika familia ya watu wanaosikia, akiwasiliana kwa ishara chache za nyumbani. Mwaka 1977 ilifunguliwa shule ya elimu maalumu jijini Managua, na baada ya mapinduzi ya 1979 ikafuata shule ya ufundi; watoto na vijana viziwi mamia kadhaa wakakutana kwa mara ya kwanza. Walimu hawakujua lugha ya alama. Walijaribu kuwafundisha kusoma midomo na kutamka Kihispania, na hawakufanikiwa sana. Lakini viwanjani na ndani ya mabasi watoto walianza kuunganisha ishara zao za nyumbani, na katika miaka michache kukawa na mfumo ambao walimu hawakuuelewa. Mwaka 1986 mwanaisimu wa Marekani, Judy Kegl, alialikwa kueleza kinachoendelea. Alichokikuta kilikuwa lugha inayozaliwa.

Kinachohusu mjadala wetu ni tofauti kati ya waliotangulia na waliowafuata. Ann Senghas, Sotaro Kita na Aslı Özyürek waliwaonyesha viziwi wa vizazi mbalimbali vya shule hizo katuni ya paka aliyemeza tufe na kuteremka mtaa wenye mteremko huku akibingirika, wakawaomba wasimulie walichokiona. Anayesikia, akisindikiza maneno yake kwa mikono, huchora tukio zima kwa mara moja: mkono unazunguka huku unashuka, kama jambo lenyewe lilivyokuwa. Viziwi wa kundi la kwanza mara nyingi walifanya vivyo hivyo. Waliojiunga baadaye, wakiwa wadogo, walitenganisha: alama moja ya kubingirika, kisha alama nyingine ya kushuka. Kwa mtazamo wa picha huko ni kurudi nyuma, maana paka hakubingirika kwanza ndipo akashuka. Kwa mtazamo wa lugha ni hatua kubwa, kwa sababu alama zilizotenganishwa zinaweza kuunganishwa upya na nyingine, na alama ya kushuka ikatumika kwa mtu anayetembea, jiwe linaloanguka au ndege anayetua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Waliofanya utenganisho huo hawakuuiga kutoka kwa wakubwa wao, maana wakubwa hawakuwa nao. Hawakuupata kwenye Kihispania wasichokisikia, wala kwenye ishara za wazazi. Watoto walipokea kitu kisichokuwa na umbo hilo, wakakitoa kikiwa na umbo hilo.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni kazi ya kundi, si ya mtoto mmoja. Ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo Susan Goldin-Meadow alitumia miaka mingi akiwachunguza watoto viziwi waliolelewa bila lugha yoyote ya alama, mmoja mmoja katika nyumba za wanaosikia, na mwaka 1998 yeye na Carolyn Mylander waliwalinganisha watoto wa Marekani na wa Taiwani. Ishara za watoto wa nchi hizo mbili zilifuata mpangilio unaofanana, na zilifanana zenyewe kwa zenyewe kuliko zilivyofanana na ishara za mama zao. Mtoto peke yake, basi, hufika mahali fulani: ana alama za vitu na za matendo, huziunganisha, na huzipanga kwa utaratibu. Hafiki mbali zaidi ya hapo. Mfumo wake haukui ukawa lugha kamili mpaka awepo mwingine wa kuupokea.

Ningeishia hapo, Chomsky angekuwa ameshinda karibu kila kitu. Kinachonizuia ni kijiji cha Al-Sayyid, cha Wabedui wa jangwa la Negev nchini Israeli, ambako uziwi wa kurithi ulijitokeza katika familia moja yapata miaka 75 kabla ya watafiti kuchapisha habari zake mwaka 2005. Kijiji kilikuwa na watu wapatao 3,500, viziwi takriban 150, na wengi wa wanaosikia nao walitumia lugha ya alama iliyozuka humo. Katika kizazi cha pili lugha hiyo ilikuwa na mpangilio thabiti wa kiima, yambwa, kisha kitenzi, tofauti na Kiarabu cha majirani na Kiebrania cha nchi. Ushindi mwingine kwa wanaoamini kuna kitu cha kuzaliwa nacho. Lakini watafiti haohao, Wendy Sandler, Irit Meir, Carol Padden na Mark Aronoff, walipotafuta ngazi ya fonolojia, yaani vipande vidogo visivyo na maana ambavyo kila lugha inayojulikana huvitumia kujenga maneno yake, hawakuikuta ikiwa imekamilika. Watu wa kijiji walitengeneza alama ya kitu kilekile kwa maumbo tofauti ya mkono, mradi picha ieleweke, na ngazi hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inachomoza, kidogo kidogo, miongoni mwa vijana. Sifa ambayo vitabu vya utangulizi huiorodhesha kuwa msingi wa lugha zote za binadamu ilihitaji vizazi kadhaa na watumiaji wengi. Kama ingekuwa imo akilini tangu mwanzo, ilikuwa ikisubiri nini?

Ndiyo maana nasema tunachozaliwa nacho si sarufi. Ni mwelekeo wa kukata uzoefu katika vipande na kuviunganisha upya, hamu ya kujua mwenzako anakusudia nini, na wepesi wa ajabu wa kutambua utaratibu katika kile kinachosikika au kuonekana. Vitatu hivyo vikikaa ndani ya kundi la watoto kwa muda wa kutosha, sarufi huzaliwa. Michael Tomasello, ambaye kwa miaka mingi amelinganisha watoto na sokwe, huweka uzito mkubwa kwenye hicho cha pili, ile hali ya mtoto kuanza kukuonyesha kitu kwa kidole ili tu nawe ukitazame. Naona amezidisha, kwa sababu hamu ya kushirikiana pekee haielezi kwa nini watoto wa Managua walimkata paka yule vipande viwili. Walielewana vizuri tu na paka mzima.

Upande wa Chomsky wenyewe umesogea, ijapokuwa haupendi kuambiwa hivyo. Katika miaka ya 1980 sarufi bia ilikuwa orodha tajiri ya kanuni na swichi ambazo mtoto alitakiwa kuziwasha au kuzizima kulingana na anachosikia; idadi ya swichi hizo haikuwahi kukubaliwa. Mwaka 2002 Chomsky, pamoja na Marc Hauser na Tecumseh Fitch, alipendekeza kwamba kilicho cha binadamu pekee na cha lugha pekee huenda ni kitu kimoja tu, uwezo wa kuingiza muundo ndani ya muundo wa aina yake, kama kishazi ndani ya kishazi. Daniel Everett alipodai mwaka 2005 kwamba Kipirahã, lugha ya watu mia chache katika Amazoni ya Brazili, haina uingizaji huo, alijibiwa na baadhi ya wanaisimu kwamba data yake haisemi anachodai, na na wengine kwamba hata ingesema hivyo haidhuru, kwa kuwa uwezo waweza kuwepo bila kutumiwa. Jibu la pili linaweza kuwa sahihi. Lakini nadharia inayosalimika vivyo hivyo lugha ziwe na uingizaji huo au zisiwe nao imeacha kutueleza lugha zikoje.

Jeni na sokwe nitazipitia haraka, maana hutajwa kuliko zinavyostahili. FOXP2, iliyotambuliwa mwaka 2001 katika familia moja ya Uingereza ambayo karibu nusu ya watu wake walikuwa na matatizo makubwa ya usemi, ilitangazwa magazetini kama jeni ya sarufi. Imo pia ndani ya panya na ndege, na ugumu wa familia ile ulihusu zaidi kuratibu misuli ya kinywa na uso. Ama Nim, sokwe aliyefundishwa alama katika miaka ya 1970 na Herbert Terrace, kauli yake ndefu kuliko zote ilikuwa hii: toa chungwa mimi toa kula chungwa mimi kula chungwa toa mimi kula chungwa toa mimi wewe. Alama 16, na sarufi hakuna.

Mashine zinastahili maneno zaidi, kwa kuwa zimebadilisha mjadala bila kuumaliza. Programu za akili mnemba zinazoandika leo hazikuwekewa sarufi bia, na bado zinapatanisha vitenzi na nomino zilizo mbali. Hiyo inatosha kuua dai kwamba muundo hauwezi kabisa kujifunzwa kutokana na data. Haitoshi kuonyesha kwamba mtoto hujifunza hivyo. Programu hizo husomeshwa mabilioni, na sasa matrilioni, ya maneno. Makadirio yanayotumiwa na watafiti ni kwamba mtoto hukaribia balehe akiwa amesikia maneno yasiyozidi milioni 100, na sarufi ya lugha yake alikuwa nayo miaka mingi kabla ya hapo. Chomsky amedai kwamba programu hizo hujifunza kwa wepesi uleule lugha za binadamu na lugha zisizowezekana kibinadamu. Mwaka 2024 Julie Kallini na wenzake walilijaribu dai hilo kwa kuivurugia programu Kiingereza kwa kanuni za ajabu, na wakaona ilitaabika zaidi na lugha zilizovurugwa. Hapo Chomsky alikosea, na inafurahisha kuona jambo lililobishaniwa kifalsafa likipimwa.

Upo uthibitisho mwingine wa kibaiolojia ambao pande zote mbili huutaja bila kuukalia kutosha, nao ni saa. Elissa Newport aliwapima viziwi wa Marekani waliokuwa wametumia lugha ya alama kwa miaka 30 au zaidi: walioipata tangu kuzaliwa, walioipata wakiwa na miaka minne hadi sita, na walioipata baada ya miaka 12. Baada ya miongo mitatu ya matumizi ya kila siku, kundi la tatu bado lilikosea mofolojia, yaani maumbo ya ndani ya maneno, ambayo kundi la kwanza halikuikosea. Rachel Mayberry na wenzake waliongeza jambo zito zaidi mwaka 2002. Mtu aliyeziwika baada ya kusikia lugha utotoni, akajifunza lugha ya alama akiwa amechelewa, huimudu vizuri kuliko kiziwi wa kuzaliwa aliyejifunza katika umri uleule bila kuwa na lugha yoyote kabla. Lugha ya kwanza, iwe ya mdomo au ya mikono, hufungua mlango kwa zote zitakazofuata, na mlango huo una msimu. Nchini Marekani zaidi ya watoto viziwi tisa kati ya kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao wengi wao hawajui alama hata moja siku mtoto anapozaliwa. Kwa mtoto wa namna hiyo mjadala huu wote hugeuka kuwa swali la miezi mingapi imepita kabla hajaona lugha anayoweza kuiona.

Kipo kitakachonifanya nibadili msimamo. Ikiwa lugha mpya ya alama itapatikana ambayo kizazi chake cha kwanza tu, bila kuguswa na lugha nyingine, kina fonolojia kamili na vishazi vilivyoingizwa ndani ya vishazi, nitakubali kwamba sarufi bia ni tajiri kuliko ninavyodhani. Ikiwa watoto viziwi watakusanyika kwa miaka kadhaa wakiwa wadogo na wasizue chochote, nitakubali kwamba Nicaragua ilikuwa bahati. Ugumu ni kwamba mahali pa kufanyia uchunguzi huo panazidi kupungua, kwa sababu ambazo mtu mwema hawezi kuzilaumu: vijana viziwi wa Al-Sayyid sasa wanakwenda shule zinazotumia Lugha ya Alama ya Israeli, na msamiati wake umekwisha kuingia kijijini.